Jua Likimegwa Juu ya Pasifiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutazama Kupatwa kwa Jua kwa Sehemu Ukiwa Kisiwani

Maswali haya yalianza kunifuata Machi 2016, jua lilipopatwa kwa sehemu hapa Honolulu, Hawaii. Tangu hapo kila likikaribia kupatwa tena huulizwa yale yale, na Waswahili wachache tulioko visiwani huku, na jamaa walioko Tanga na Maskati ambao hutaka kujua "huko kwenu kukoje". Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya kukuna kichwa. Swali likigusana na jingine, nimetaja namba yake ili nisirudie.

## Mambo ya msingi

1. Kupatwa kwa sehemu ni nini hasa?

Mwezi unapita kati ya dunia na jua, lakini kwa mahali uliposimama haupiti katikati kabisa. Unamega upande mmoja, jua linabaki kama andazi lililong'atwa, kisha mwezi unaendelea na safari yake. Kupatwa kikamilifu ni pale mwezi unapoliziba jua lote. Kupatwa kipete ni pale mwezi uko mbali kidogo na dunia, unaonekana mdogo, ukabakisha duara la moto pembeni.

Kupatwa huko huko kunaweza kuwa kamili kwa mmoja na kwa sehemu kwa mwingine. Machi 2016 watu wa Palu na Ternate, Indonesia, walipata giza kamili. Sisi wa Hawaii tulipata la kumegwa.

2. Mbona visiwani tunapata la sehemu mara nyingi, na kamili hatulioni?

Kivuli kikuu cha mwezi ni chembamba. Njia yake juu ya uso wa dunia kwa kawaida haizidi kilomita mia mbili na kitu kwa upana, ilhali kivuli hafifu kinachozunguka njia hiyo kinaenea maelfu ya kilomita kila upande. Pasifiki nayo ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kivuli kikuu mara nyingi hupita baharini, kikaonwa na samaki, na kisiwa kikaangukia kwenye kivuli hafifu.

Bahati haigawanywi sawa, lakini. Rapa Nui, kisiwa kidogo mno mali ya Chile, kilipata kupatwa kikamilifu tarehe 11 Julai 2010, kikapata tena kipete tarehe 2 Oktoba 2024. Tarawa huko Kiribati walipata kipete Mei 2013, na Guam wakapata chao Desemba 2019 jua likikaribia kuzama. Hawaii ililiona kamili tarehe 11 Julai 1991. Zamu yake inayofuata iko kwenye swali la 25, na si ya kusubiri ukiwa umesimama.

3. Wanaposema "asilimia 50", ni asilimia ya nini?

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, na hata vyombo vya habari huchanganya. Kuna vipimo viwili. Kimoja ni sehemu ya *kipenyo* cha jua iliyozibwa, kingine ni sehemu ya *eneo* la uso wake. Kipenyo kikizibwa nusu, eneo lililozibwa ni kama asilimia 39 tu. Ndiyo maana mmoja atakwambia jua litamegwa nusu, mwingine akasema asilimia 39, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

4. Je, giza litaingia?

Hapana, na hili ndilo linalowaudhi waliotoka nje wakitegemea usiku wa ghafla. Jua likizibwa theluthi mbili, mwanga hupungua kama vile wingu jepesi limepita, na jicho lenyewe hujirekebisha hata usigundue. Jua ni angavu kuliko mwezi mpevu takriban mara 400,000. Hata ukibaki ukingo wa asilimia moja, huo peke yake ni mwezi mpevu 4,000.

Kinachobadilika ni ubora wa mwanga. Vivuli hukatika vikali zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na joto la mchana hulegea kidogo. Ukitaka kuona tukio lenyewe, usingojee giza; soma swali la 13.

5. Mbona kupatwa hakutokei kila mwezi?

Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi tano ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Kila unapopita upande wa jua, mara nyingi hupita juu au chini ya jua bila kuligusa. Unapogusa, mara nyingi kuna kupatwa kwa mwezi wiki mbili kabla au baada. Waliokuwa Afrika Mashariki usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 watakumbuka mwezi ulivyogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu. Wiki mbili baadaye mwezi ule ule ulilimega jua la Nyuzilandi, Tonga, Fiji na Samoa.

Anayefuatilia mwezi mwandamo atalipenda jambo hili: siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, mwezi hauonekani kabisa, tunasema umefichama. Kupatwa kwa jua ndiyo nafasi pekee ya kuuona mwezi uliofichama ukiwa kazini.

## Saa na tarehe

6. Kwa nini sisi tunasema tarehe 8 na wengine wanasema tarehe 9? Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Mama yangu alinipigia kutoka Tanga mwaka ule akauliza, "Mwanangu, limepatwa leo au jana?" Nikamjibu, "Vyote viwili, mama." Kwetu Honolulu ilikuwa Jumanne jioni tarehe 8 Machi 2016. Kwake ilikuwa Jumatano asubuhi, tarehe 9, chai bado iko jikoni. Tukio ni moja, dakika ni ile ile. Katikati yetu kuna Mstari wa Tarehe, mpaka wa kubuni unaopita Pasifiki: ukiuvuka, tarehe inabadilika.

Mfano mzuri zaidi ni wa Samoa. Tarehe 30 Desemba 2011, nchi ya Samoa iliiruka Ijumaa nzima na kuhamia upande wa magharibi wa mstari ili iende sambamba na Australia na Nyuzilandi inakofanya biashara. Samoa ya Marekani, jirani yake kwa safari fupi ya ndege ndogo, ikabaki upande wa pili. Kupatwa kwa Septemba 2025 kukawakuta Apia, mji mkuu wa Samoa, ni Jumatatu tarehe 22, watoto wamevaa sare za shule, na Pago Pago, upande wa Marekani, ni Jumapili tarehe 21, watu wanajiandaa kwenda kanisani. Ni asubuhi moja, na jua moja lenye pengo.

Kwa hiyo ukisoma tarehe ya kupatwa mtandaoni, kwanza angalia ni tarehe ya wapi. Nawajua watu waliotoka na miwani yao siku moja baada ya tukio.

7. Nitapataje saa sahihi ya kisiwani kwangu?

Tafuta saa iliyoandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kisha ongeza au punguza. Hawaii hupunguza saa 10, na haibadilishi saa majira ya joto. Samoa huongeza 13. Afrika Mashariki huongeza 3, kwa hiyo kati ya Honolulu na Dar es Salaam kuna saa 13.

Halafu kuna mtego wetu sisi Waswahili. Simu ikiandika 5:37 PM, kwetu ni saa kumi na moja na dakika 37 jioni. Ukimwandikia mwenzio "saa tano na nusu" kwa kuitafsiri simu neno kwa neno, atatoka nje jua liko juu, hakuna lolote. Andika "jioni" au "asubuhi" kila mara.

Kumbuka pia kwamba saa hutofautiana hata ndani ya visiwa vya kundi moja kwa dakika kadhaa, kwa sababu kivuli kinasafiri. Usitumie saa ya Honolulu ukiwa Hilo.

8. Tukio zima huchukua muda gani?

Kwa kawaida saa moja na nusu hadi saa mbili na zaidi kidogo. Lile la 2016 hapa Honolulu lilianza kama saa kumi na nusu jioni, likafika kilele baada ya saa moja, na likaisha jua likigusana na kuzama. Hakuna haja ya kusimama muda wote. Chungulia kila dakika kumi, ulinganishe.

9. Pengo la kwanza litatokea upande gani?

Upande wa magharibi wa jua, kwa kuwa mwezi hutoka magharibi ukielekea mashariki ukilinganisha na jua. Asubuhi jua linapopanda, upande huo ndio wa juu. Jioni linaposhuka, ndio wa chini. Baada ya hapo inategemea njia kuu imepita wapi: mwaka 2016 ilipita kaskazini mwa Hawaii, kwa hiyo mwezi ulifunika zaidi upande wa kaskazini. Sisi tuliotazama magharibi, kaskazini ilikuwa mkono wa kulia.

## Macho

10. Nikitupa jicho mara moja tu, kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba hutasikia maumivu. Utando wa nyuma ya jicho, retina, hauna mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo unaungua kimya. Siku ya kawaida mng'ao wenyewe unakulazimisha ugeuke. Siku ya kupatwa una sababu ya kukaza macho, na jua lililobaki, hata likiwa kijipande, kila nukta yake inaunguza kama ya jua zima.

Na kwa kupatwa kwa sehemu hakuna hata sekunde moja ya kuvua miwani. Picha unazoziona za watu wakitazama kwa macho matupu ni za waliokuwa ndani ya njia ya kupatwa kikamilifu, kwa zile dakika chache za giza. Wewe wa kisiwani nje ya njia hiyo hazikuhusu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Siku hiyo yawekee.

11. Miwani gani inafaa, na ipi haifai?

Inayofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, inayopitisha chini ya sehemu moja katika 30,000 ya mwanga. Ipime hivi: ivae ndani ya nyumba. Usione kitu. Washa taa kali ya simu uiweke mbele. Uone kanuru kafifu au usione kabisa. Ukiona samani za sebule, itupe. Ikiwa imechanika, imetoboka au ina mikwaruzo, itupe vilevile. Ile iliyotunzwa vizuri ndani ya bahasha haihitaji kutupwa kwa sababu tu ni ya miaka iliyopita.

Kioo cha mchomeleaji kinafaa kikiwa namba 14. Vile vya namba za chini vinavyotumika kwenye gereji nyingi havitoshi.

Visivyofaa: miwani ya jua hata ukivaa mitatu pamoja, filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, diski ya muziki, karatasi ya peremende, chupa ya bia. Vyote hivi vinapunguza mng'ao unaouona lakini vinaweza kuruhusu miale usiyoiona. Kupunguza mng'ao bila kuzuia miale ni hatari zaidi, maana jicho linajiachia.

12. Bibi yetu alituwekea beseni la maji tukatazama humo. Mbona hatukupofuka?

Nami nimelelewa na beseni hilo hilo. Maji yaliyotulia, jua likiwa juu, huakisi kama asilimia mbili ya mwanga. Ni afadhali kuliko kutazama juu, ndiyo sababu wengi tulinusurika, lakini linganisha na namba ya swali la 11: beseni bado linakuletea mwanga mara mamia kupita miwani. Na jua likiwa chini, asubuhi au jioni, maji huakisi zaidi, si asilimia mbili tena. Bahari nayo ni beseni kubwa. Usilikodolee jua kwenye maji ya ufukweni.

Beseni la bibi lina matumizi mengine mazuri. Tia kioo kidogo cha kujitazamia, elekeza mwali ukutani kivulini umbali wa mita kadhaa, na doa la mwanga litaonyesha umbo la jua. Tazama ukuta, usitazame kioo.

## Kutazama bila kuinua macho

13. Sina miwani, na madukani zimekwisha. Nimekosa?

Hujakosa. Kwa maoni yangu umepata lililo bora. Watu wote huinua vichwa, na nusu ya tamasha iko chini.

Nafasi yoyote ndogo inayopitisha mwanga hutengeneza picha ya jua. Madoa ya mwanga chini ya mti si umbo la nafasi za majani, ni picha za jua, ndiyo maana siku zote ni ya duara. Jua likimegwa, madoa yote humegwa. Chini ya mti mmoja unapata mahilali mia.

Mwaka 2016 nilikuwa nimesimama chini ya mti wa mkungu kwenye maegesho ya jengo letu, nimeinama, natafuta mahilali sakafuni. Sikuona hata moja. Dakika kumi nzima nalaumu mti. Kisha mtoto wa jirani akaniambia, "Mjomba, geuka." Ukuta mzima wa maegesho, uliopakwa chokaa nyeupe, ulikuwa umejaa mahilali, makubwa kama viganja, yakitikisika kila upepo ulipotikisa majani. Nilisahau hesabu rahisi: jioni ile jua lilikuwa nyuzi kama 13 tu juu ya upeo, mwanga unakuja kwa ulalo, kwa hiyo picha haziangukii chini ya mti. Ziko ukutani, mbali.

Basi kanuni ni hii. Jua likiwa juu, kama lile la mchana wa tarehe 20 Mei 2012 hapa Hawaii, tafuta chini. Jua likiwa chini, tafuta ukutani, mlangoni, kwenye shuka ulilotundika kambani.

14. Nimejaribu chujio la tambi, limetoa duara za kawaida tu. Nimekosea wapi?

Umelishika karibu mno. Picha ya jua hukua kwa umbali: kila mita moja kati ya tundu na ukuta inakupa picha ya upana wa milimita 9. Tundu la chujio lina milimita 4 au 5. Ukilishika sentimita 30 kutoka ukutani, picha ingekuwa milimita 3, ndogo kuliko tundu lenyewe, kwa hiyo unachokiona ni umbo la tundu. Rudi nyuma mita mbili. Picha inakuwa milimita 18, hilali inajitokeza.

Chekeche la unga halifai, matundu yake yamebanana na picha zinapandana. Biskuti zenye vitobo ni nzuri, na baadaye unazila. Kofia ya ukindu iliyosukwa kwa kuachia nafasi hutoa mahilali usoni mwa aliyeivaa. Hata vidole tu, ukivipishanisha kama wavu, vinatosha. Anayetaka usahihi atoboe kadi kwa pini, tundu moja safi, aelekeze kwenye karatasi nyeupe iliyo kivulini.

15. Je, darubini?

Usitazame kupitia darubini yoyote ukiwa umevaa miwani ya kupatwa. Lenzi hukusanya mwanga na kuutoboa utando wa miwani papo hapo, kisha unaingia jichoni. Kichujio kinawekwa *mbele* ya darubini, upande wa jua, na kifungwe kisipeperushwe na upepo.

Darubini ya macho mawili inaweza kutumika kutupa picha: ziba upande mmoja, elekeza mwingine kwenye jua bila kuchungulia, na picha iangukie karatasini. Ipumzishe kila baada ya muda mfupi kwani hupata joto ndani, na usiiache peke yake penye watoto.

16. Na kupiga picha kwa simu?

Ukielekeza simu kwenye jua moja kwa moja utapata mpira mweupe, hakuna pengo. Weka kipande cha miwani ya kupatwa mbele ya lenzi, punguza mwanga kwa kugusa kioo, na vuta karibu kidogo tu. Picha ya kukumbukwa ni ile ya mahilali ukutani au kwenye mkono wa mtoto. Simu yoyote inaipata, bila kichujio.

17. Watoto niwafanyeje?

Wape kazi ya swali la 13 na la 14. Miwani wavae mbele yako, wakae, wavae wakiwa wametazama chini kisha ndipo wainue uso, kuvua vilevile. Miwani nyingi za karatasi ni pana kwa nyuso zao, zifunge kwa mpira nyuma ya kichwa.

18. Nimeshatazama bila kinga. Nifanye nini?

Dalili hutokea baada ya saa kadhaa au kesho yake: doa katikati ya unachokitazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, rangi kufifia. Nenda kwa daktari wa macho. Hakuna dawa ya matone ya kurudisha kilichoungua. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi, wengine hubakiwa na doa.

## Mahali na hewa

19. Nisimame upande gani wa kisiwa?

Visiwa vya milima katika ukanda wa pepo za kudumu vina pande mbili zisizofanana. Hawaii, upepo wa kaskazini mashariki huleta unyevu, unagonga milima, unapanda na kuwa wingu. Upande huo, kama Kaneohe au Hilo, ni kijani na mvua. Upande wa pili, kama Waianae au Kona, ni mkavu. Kwa kawaida chagua ukavu.

Halafu uliza jua litakuwa wapi. La jioni linataka ufukwe unaoelekea magharibi bila mlima mbele. Mlima hulimeza jua nusu saa kabla ya bahari. La asubuhi linataka mashariki, ambako ndiko kwenye mawingu, na hapo ndipo unapolazimika kubahatisha. Kisiwa cha Hawaii kina jambo la ziada: volkano ya Kilauea ikitoa moshi, ukungu wake unaweza kulitia jua rangi ya kutu.

Hakuna dhamana. Julai 1991 watu walisafiri kutoka pande zote za dunia kuja pwani ya Kona, upande mkavu, na wengi wakaishia kutazama wingu.

20. Basi nipande Mauna Kea?

Kilele chake ni mita 4,205, mara nyingi juu ya mawingu, na mwaka 1991 darubini za pale juu zilikuwa ndani ya njia. Lakini kutoka ufukweni hadi kule kwa saa mbili kunaumiza kichwa na kifua. Tua kwanza kituo cha wageni, kama mita 2,800, angalau nusu saa. Kwa la sehemu tu, mimi sipandi.

21. Nikiwa angani, ndani ya ndege?

Inategemea dirisha lako. Tarehe 8 Machi 2016 ndege ya Alaska Airlines namba 870, kutoka Anchorage kuja Honolulu, ilicheleweshwa dakika 25 kwa makusudi ili ipite ndani ya kivuli kikuu. Abiria wake waliona jua limezibwa lote juu ya bahari, na baadaye wakatua kwetu tuliokuwa tumeona pengo.

## Bahari, imani na mengineyo

22. Bahari itajaa kupita kiasi? Kuna hatari ya tsunami?

Wavuvi wa pwani yetu wana jibu hili tangu zamani. Jua na mwezi vikiwa mstari mmoja ndipo maji ya bamvua, na hilo hutokea kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu. Kupatwa kwa jua hutokea siku za bamvua tu, haiwezekani vinginevyo, kwa hiyo maji yatajaa sana na kutoka sana kama bamvua yoyote. Hapa Hawaii kupwa na kujaa ni chini ya mita moja. Aliyezoea Unguja, kwenye mita tatu hadi nne, hatatambua. Tsunami huletwa na tetemeko, maporomoko au volkano, na kupatwa hakuna mkono humo.

23. Mjamzito atoke nje? Chakula kifunikwe?

Atoke, avae miwani kama wengine. Miale inayofika ni ile ile ya kila siku, tena michache. Chakula kifunikwe kwa sababu ya nzi.

24. Likipatwa sehemu tu, swala ya kupatwa inaswaliwa?

Ndiyo. Ni sunna iliyokokotezwa: rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili, na husaliwa jua likiwa bado limepatwa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani tunafuata, wakati wake huisha jua likiachiwa au likizama, jambo la kuangalia kwa kupatwa kwa jioni kama kule kwa 2016. Siku aliyofariki Ibrahim, mwanawe Mtume (S.A.W.), watu walisema jua limepatwa kwa ajili yake, naye akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake. Hesabu za anga hukuweka kupatwa huko Januari 632, na kwa Madina kulikuwa kwa sehemu.

25. Lini tena?

Kwa Pasifiki, tarehe 22 Julai 2028 kivuli kikuu kitavuka Australia, kipite Sydney, kimalizikie Dunedin na kusini mwa Nyuzilandi jioni ya baridi kali. Auckland na kisiwa chote cha kaskazini watapata la kumegwa, jua likiwa chini upande wa kaskazini magharibi. Ukuta wako uandae (swali la 13).

Kwa walioko nyumbani, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Luxor kwa zaidi ya dakika sita, na pia Makka na Jidda. Kenya na Tanzania watapata sehemu. Tarehe 21 Mei 2031 kipete kitapita Tanzania yenyewe, kama kile kilichowajaza watu Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016.

Na kupatwa kikamilifu hapa Hawaii ni tarehe 3 Mei 2106. Yule mtoto wa jirani amekwisha nifanyia hesabu: atakuwa na umri wa miaka 98, na amesema nimwachie chujio.